Kamera za kusoma namba za magari Gungu: ulizeni kwanza kumbukumbu zinakaa kwa nani

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mimi ni mkazi wa Gungu, Kigoma Ujiji, nina bajaji mbili za biashara. Wizi wa pikipiki umetuchosha, na sasa uongozi wa mtaa pamoja na wafanyabiashara wameleta kampuni inayotaka kufunga kamera za kusoma namba za kila chombo kinachoingia na kutoka mtaani. Kila kaya itachangia. Tuko vijana kadhaa hatukubaliani nalo, lakini tukisimama kwenye kikao tunaambiwa tunatetea wezi. Nasikia Marekani wananchi wamezipinga kamera za aina hii mpaka zikaondolewa. Walifanyaje? Na sisi huku sheria inatupa nafasi gani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa maneno ya kikaoni.

Nianze na ushauri ambao huenda usiupende: kikao kijacho usisimame kupinga kamera. Mtu aliyeibiwa pikipiki ambayo bado anailipia marejesho hawezi kukusikiliza ukimwambia habari za faragha, na simlaumu. Simama kuuliza habari za kumbukumbu. Kamera ikishasoma namba yangu, inaiandika wapi? Inakaa huko siku ngapi? Nani ana nywila ya kuifungua, na akiifungua nani anajua? Wengi wa waliofanikiwa huko nje walishinda kwa maswali haya, na sheria ya Tanzania nayo imejengwa juu ya maswali haya haya.

Watu wengi wanaichanganya kamera hii na ile ya dukani. Ya dukani inarekodi picha tu. Ili mtu akupate humo lazima akae aangalie saa nzima. Hii ya kusoma namba inapiga picha kila chombo kinachopita, usiku na mchana, programu inageuza ile picha ya namba kuwa maandishi, kisha inayaweka kwenye kanzidata pamoja na saa, mahali, na mara nyingi rangi na aina ya chombo. Ni kama daftari la wageni la gesti, ila hapa unaandikwa kila ukipita bila kuulizwa, na anayetaka jina lako halazimiki kufunua kurasa. Anaandika namba yako, anapata mwezi mzima.

Chukua bajaji yako moja. Kwa kamera za Gungu peke yake, anayezisoma atajua kwamba inatoka saa 12 na dakika 5 asubuhi, inarudi saa 7 mchana kwa chakula, Ijumaa inachelewa kwa sababu ya sala, na mara moja kwa mwezi, tarehe zile zile, inaelekea mjini saa 2 asubuhi na kurudi saa 5. Asiyekujua hataelewa. Jirani anayejua kwamba mama yako huhudhuria kliniki hospitali ya Maweni ataelewa mara moja. Na kuna jambo ambalo kikaoni litawagusa hata wanaokuita mtetezi wa wezi: kumbukumbu hiyo inaonyesha pia saa ambazo kila nyumba yenye gari haina mtu. Kijana atakayelipwa laki mbili kwa mwezi kukaa na ile kompyuta ndiye atakayekuwa ameishika ratiba ya mtaa mzima. Waulize nani anamchunguza yeye.

Sasa wizi wenyewe. Kamera hizi zinasaidia pale ambapo chombo kimeibwa kikiwa na namba yake, mwenyewe ametoa taarifa haraka, namba imeingizwa kwenye orodha, na kuna askari karibu wa kufuatilia. Hayo yakikutana, chombo kinapatikana, na tusijidanganye kwamba hakipatikani. Lakini nenda pale stendi ya Masanga uangalie pikipiki zilizopangwa zikisubiri abiria. Namba iko nyuma, chini ya taa, nyingine imekunjwa, nyingine imefunikwa na tope jekundu, nyingine imekwanguka mpaka herufi hazisomeki. Mwizi wa pikipiki anaanza kwa kuifungua ile namba kwa spana. Anayesomeka vizuri kila siku ni wewe mwenye namba safi.

Na mashine inakosea. San Francisco, mwaka 2009, Denise Green, mfanyakazi wa usafiri wa jiji, alisimamishwa na polisi usiku na kuelekezewa bunduki kwa sababu kamera ilisoma 3 ikaiita 7. Aurora, Colorado, Agosti 2020, Brittney Gilliam na watoto wa kike wa familia yake waliwekwa chini kwenye lami kwa sababu namba ya gari lake ilifanana na ya pikipiki iliyoibwa jimbo jingine, Montana. Gari na pikipiki! Jiji lilikuja kukubali kuwalipa dola milioni 1.9. Huku kwetu fidia ya namna hiyo usiitarajie, na mtu anayetuhumiwa wizi wa pikipiki saa nyingine hafiki hata kituoni. Kundi la bodaboda likishaambiwa kwenye simu kwamba namba fulani ni ya wizi, nani atakayekumbuka kuuliza kama mashine ilisoma sawasawa?

Sasa wenzetu. Kampuni kubwa ya biashara hii Marekani inaitwa Flock Safety, ya Atlanta, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kamera zake ni za sola, zinafungwa kwenye nguzo, na kwa kawaida kumbukumbu zinakaa siku 30. Nguvu ya mfumo wake ni muungano: polisi wa mji mmoja anaweza kutafuta namba kwenye kamera za miji mingine iliyokubali kuunganishwa. Mei 2025 iliripotiwa kwamba polisi wa kaunti moja ya Texas alitafuta kwenye kamera za nchi nzima gari la mwanamke aliyetoa mimba. Agosti mwaka huo, ukaguzi wa serikali ya jimbo la Illinois ukabaini kwamba idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani ilikuwa imefikishiwa kumbukumbu za kamera za jimbo hilo, jambo lililokwenda kinyume na sheria ya Illinois. Mji wa Evanston, wa jimbo hilo hilo, ukavunja mkataba. Kamera ziliporudishwa bila ridhaa yake, mji ukazifunika kwa mifuko ya plastiki.

Wananchi walifanya nini? Mtaalamu wa programu wa Alabama, Will Freeman, mwaka 2024 alianzisha ramani iitwayo DeFlock, ambapo yeyote anaweza kuonyesha kamera iko kona gani. Kampuni ilipomwandikia barua ya kumtaka aache kutumia jina hilo, alikataa kwa msaada wa wanasheria. Wengine waliomba mikataba na orodha za utafutaji: polisi gani ameandika namba gani, saa ngapi, kwa sababu gani. Kisha wakajaa kwenye vikao vya madiwani wao wakiwa na karatasi mkononi. Kule Austin, Texas, mkataba uliachwa uishe tarehe 30 Juni 2025 baada ya wakazi kubana namna hiyo. Maandamano yalikuwepo hapa na pale, lakini kwa ninavyoona mimi karatasi ndizo zilizofanya kazi.

Austin naitaja kwa makusudi. Mwaka 2016, Kigoma Ujiji na Austin zilichaguliwa pamoja, kati ya serikali 15 tu za ngazi ya chini duniani, kwenye majaribio ya Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, ule wa OGP. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa kwenye mpango huo na sisi tukatoka nao. Lakini manispaa yako iliwahi kukaa meza moja na Paris, Madrid na Seoul ikizungumzia jinsi ya kuwaonyesha wananchi mikataba. Diwani wako akikuambia kuomba mkataba ni ukorofi, mkumbushe hilo kwa upole.

Hata hivyo mifano iliyo karibu zaidi na Kigoma naiona Uingereza kuliko Marekani. Royston ni mji mdogo wa Hertfordshire. Polisi walifunga kamera za kusoma namba kwenye barabara zake kiasi kwamba mtu hangeweza kuingia wala kutoka na gari bila kuandikwa. Mashirika matatu ya kutetea faragha yalipeleka malalamiko kwa Kamishna wa Taarifa, na Julai 2013 akaamua kwamba ule mpango haukuwa halali na umezidi kipimo. Polisi wakaamriwa waache, isipokuwa kwa kiwango ambacho wangeweza kukitetea baada ya kufanya tathmini ya athari kwa faragha. Sasa tazama ramani yetu. Anayetoka Kasulu anapita Mwandiga, anayetoka Uvinza anapita Kidahwe, na zaidi ya hapo ni ziwa. Mji wa mwisho wa reli hauhitaji kamera mia. Chache zikiwekwa kona sahihi, kila mwenye chombo ameingia kitabuni. Kwa hiyo hoja ya "ni kamera nne tu" isikutulize. Uliza zinakaa wapi.

Mfano wa pili ni Birmingham. Mwaka 2010 ziligundulika kamera zaidi ya 200, za kawaida na za kusoma namba, nyingine zimefichwa, zikizunguka mitaa miwili yenye Waislamu wengi, Sparkbrook na Washwood Heath. Wakazi walikuwa wameambiwa ni za kupambana na uhalifu wa mtaani na wizi wa magari. Kumbe fedha zimetoka kwenye mfuko wa kupambana na ugaidi. Wakazi, misikiti na wanasiasa wa eneo walikasirika kwa pamoja, kamera zikafunikwa, na mwaka 2011 zikateremshwa. Ukiwasimulia wazee wa Ujiji kisa hiki watakuelewa kabla hujamaliza.

Hapo ndipo ninapoitazama Kigoma kwa wasiwasi. Wewe na mimi tunajua swali ambalo mtu wa Kigoma huulizwa kwenye kizuizi cha barabarani kabla hajaulizwa jingine lolote: "Wewe ni raia?" Muha anayeongea Kiha cha Kasulu anaambiwa ni Mrundi. Mwenye asili ya Kimanyema, ambaye babu wa babu yake amezikwa Ujiji, anaambiwa ni Mkongo. Tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mpaka wa Burundi, na Kongo ng'ambo ya ziwa. Idara zinazofuatilia uhamiaji zina kazi yao halali, sibishi. Lakini kumbukumbu iliyokusanywa kwa jina la wizi wa pikipiki, ikionyesha bajaji ipi hubeba abiria wa bandari ya Kibirizi na basi lipi linaingia saa ngapi kutoka Kibondo, haitabaki kuwa ya pikipiki tu. Kama hakuna maandishi yanayozuia matumizi mengine, matumizi mengine yatakuja. Illinois walikuwa na sheria inayozuia, na bado yalikuja.

Tuje kwenye sheria yetu. Ibara ya 16 ya Katiba inatoa haki ya heshima na hifadhi ya maisha binafsi. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake imezinduliwa rasmi Aprili 2024. Namba ya chombo ni taarifa binafsi pale inapoweza kumtambulisha mtu, na yako inaweza: imesajiliwa TRA kwa jina lako. Kifungu cha 5 kinataka taarifa zikusanywe kwa uhalali na uwazi, kwa lengo mahususi, kwa kiasi kinachohitajika tu, na zisitunzwe kupita muda wa lengo hilo. Kifungu cha 14 kinamtaka mkusanyaji na mchakataji wawe wamesajiliwa na Tume. Zikipelekwa nje ya nchi kuna masharti yake, na seva za mifumo hii mara nyingi ziko nje. Una haki ya kuuliza wana nini juu yako, kutaka kosa lisahihishwe, na kulalamika kwenye Tume.

Sheria ina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, na kampuni itaishika hiyo kwa mikono miwili. Msamaha huo haumgeuzi mfanyabiashara kuwa polisi. Jeshi la Polisi likiomba taarifa kwa upelelezi wa kesi hilo ni jambo moja. Chama cha wafanyabiashara kuandika nyendo za watu wote kwa kuwa huenda mmoja ni mwizi ni jambo jingine kabisa. Wala sheria yenyewe si msahafu. Mei 2024, kwenye shauri la wakili Tito Magoti, Mahakama Kuu iliona baadhi ya vifungu vyake havieleweki vizuri na ikaagiza virekebishwe.

Kuna maswali mawili ambayo kampuni nyingi hazijajiandaa nayo, nakupa bure. La kwanza: nani anasaini mkataba? Kijijini, halmashauri ya kijiji ina hadhi ya kisheria ya kushtaki na kushtakiwa. Kamati ya mtaa mjini haina. Kama mwenyekiti wenu atasaini, siku taarifa zikivuja mtamshtaki nani? La pili: nguzo zinasimama wapi? Hifadhi ya barabara kuu iko chini ya TANROADS, za mitaani ziko chini ya TARURA, na huwezi kuchimba nguzo humo bila kibali chao. Omba kuona kibali. Nimeona miradi mizuri na mibaya ikilala miezi kadhaa kwa karatasi hiyo moja.

Utaratibu ningeufuata hivi. Msiende kumi mkipiga kelele. Nendeni watatu, na mmoja awe mtu aliyeibiwa pikipiki. Huyo ndiye jibu lenu kwa "mnatetea wezi." Kabla ya kikao mwandikieni mtendaji wa mtaa barua, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, mkiomba rasimu ya mkataba, usajili wa kampuni kwenye Tume, na maelezo ya muda wa kutunza taarifa. Gongesheni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu. Kikaoni, hakikisheni maswali yameandikwa kwenye muhtasari, kisichoandikwa hakikusemwa. Likivuka ngazi ya mtaa, baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Jazeni viti.

Kama mnaona wengi wanazitaka kamera, msing'ang'anie neno hapana. Dai masharti. Jimbo la New Hampshire, Marekani, sheria inataka namba isiyo kwenye orodha ya wanaotafutwa ifutwe ndani ya dakika 3. Dakika, si siku. Ujerumani, Mahakama ya Katiba mwaka 2008 ilibatilisha sheria za majimbo mawili zilizoruhusu kusoma namba za watu wote bila mipaka. Nanyi ombeni hivyo: mfumo ulinganishe namba na orodha ya vyombo vilivyoripotiwa kuibwa, isiyolingana ifutwe papo hapo, kila utafutaji uandikwe jina la aliyetafuta na namba ya jalada la polisi, na orodha hiyo isomwe kwenye mkutano wa mtaa. Angalia uso wa mwakilishi wa kampuni ukitaja kufuta. Kampuni inayouza ulinzi wa pikipiki haitasumbuka. Inayouza kumbukumbu itaanza kueleza kwa nini haiwezekani.

Pelekeni pia mbadala wenye bei. Taa za sola kwenye vichochoro viwili vitatu ambako pikipiki zinapotelea. Ulinzi shirikishi unaolipwa kwa wakati, maana wa kwenu najua unakufa kila baada ya sikukuu. Kijiwe cha bodaboda chenye daftari la madereva na vizibao vyenye namba. Minyororo. Kwa mchango huo huo wa kila kaya mtashangaa kinachopatikana.

Ya kuepuka ni machache lakini mazito. Msiguse kamera, msizifunike, msikate waya. Ni uharibifu wa mali, ni jinai, na mtakuwa mmewapa wanachokitafuta. Evanston waliofunika walikuwa serikali ya mji. Mkitaka kuchora ramani kama ya DeFlock, chora kamera za mtaa tu na kwa kalamu. Msizunguke mkipiga picha bandarini, stesheni, au karibu na kambi na ofisi za ulinzi. Mkitaka maandamano au mkutano wenu wa hadhara, polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Lakini kwa jambo hili mkutano wa mtaa unatosha, na ni mahali ambapo mnajulikana kwa majina. Kwenye kundi la WhatsApp msiandike kwamba mwenyekiti amehongwa kama hamna ushahidi.

Ikiwa barua hii itakukuta mkataba umeshasainiwa, usikate tamaa. Omba nakala, tafuta kifungu cha muda na cha kuvunja mkataba, na uandike tarehe ya mwisho wake kwenye kalenda. Austin hawakuvunja chochote, waliacha muda uishe. Wakati huo huo peleka ombi lako binafsi kama mhusika wa taarifa: bajaji zangu mbili zimesomwa mara ngapi tangu mfumo uwashwe, na nani amezitafuta? Waombe wenye vyombo wengine kumi wafanye hivyo wiki hiyo hiyo, kila mmoja kwa barua yake na saini yake. Wakikaa kimya, kusanya nakala zenye mihuri na uzipeleke Tume pamoja na malalamiko yako.